Sura ya Tisa: Wavu Huharibikia Pembeni

Septemba mjini Likasi ni mwezi wa kungoja mvua. Baridi ya Juni na Julai imekwisha, miti ya miombo inachipua majani mekundu kwenye vilima, na moto wa msituni umeacha masizi kila mahali. Vumbi limelala juu ya mabati, juu ya majani ya miembe, na ndani ya kila tundu la wavu wa dirisha. Mbu ni wachache. Kwa sababu hiyo hakuna anayeukumbuka wavu, na kwa sababu hiyohiyo huu ndio wakati unaofaa kuutengeneza. Mvua ikishaanza, Oktoba au Novemba, fundi atakuwa anafanya kazi kwenye fremu iliyolowa huku familia yako ikiumwa na mbu kila usiku.

Sura hii inahusu nyavu za nyumba: za madirisha, za baraza, na zile kubwa zaidi zinazofunika bwawa zima la kuogelea pamoja na sakafu inayolizunguka, juu na pande zote, hadi bwawa likawa ndani ya chumba cha wavu. Hoja yangu kuhusu zote ni moja. Wavu mara chache hufa katikati. Hufa pembeni: pale nyuzi zinapobanwa na fremu, pale fremu inapoikuta sakafu, na pale mlango unapoukuta mhimili wake. Mjini Likasi pembe hizo zina adui ambaye vitabu vya ujenzi vya ng'ambo havimtaji, kwa kuwa waandishi wake waliishi kando ya bahari na kuogopa chumvi. Sisi tunaishi kando ya kiwanda cha shaba.

Kwanza, wavu ulipataje kuwa dawa? Agosti 1897, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Mwaka uliofuata Waitalia wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi wakaonyesha kwamba anayemwambukiza binadamu ni mbu wa aina ya Anofelesi. Hata hivyo wengi waliendelea kuamini kwamba homa hutoka kwenye hewa mbaya ya matope. Mwaka 1900, Patrick Manson, daktari wa London, akaamua kulimaliza shauri hilo hadharani. Kibanda cha mbao chenye wavu wa waya milangoni na madirishani kilijengwa karibu na Ostia, katika nyanda za matope nje ya Roma, mahali ambapo homa ilikuwa desturi ya kila kiangazi. Madaktari Luigi Sambon na George Carmichael Low wakahamia humo pamoja na wenzao wachache. Hawakutumia kwinini. Mchana walitembea mashambani, wakavuta hewa ileile waliyovuta majirani zao, wakakanyaga tope lilelile. Sharti lao lilikuwa moja tu: kuwa ndani kabla jua halijazama na kutotoka hadi lichomoze. Majirani waliugua. Wao hawakupata malaria msimu mzima.

Naomba msomaji alitazame vizuri sharti lile. Kibanda cha Ostia kilishinda kwa sababu mlango wake ulifungwa kwa wakati, kila jioni. Wavu wenyewe ulikuwa waya wa kawaida tu.

Miaka michache baadaye, Wamarekani walipochukua kazi ya kuchimba mfereji wa Panama mwaka 1904, daktari William Gorgas aliyaweka majengo ya kazi na ya kulala ndani ya wavu. Wavu wa chuma uliliwa na kutu upesi katika hewa ile yenye unyevu, ikabidi watumie wa shaba. Na huku Katanga, shaba ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Likasi, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, ilikua kuzunguka migodi yake na viwanda vya Panda na Shituru. Ilipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa Société Générale ya Ubelgiji, kisha ikarudishiwa jina lake mwaka 1966.

Katika miji ile ya Wabelgiji wavu ulikuwa alama ya nyumba ya Mzungu. Baraza pana lililozungushiwa waya mwembamba ndipo walipokaa jioni. Makazi ya Waafrika yalitengwa upande mwingine wa ukanda ulioachwa wazi, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa mbu, asiruke kutoka kwenye damu ya mtoto Mwafrika hadi kwa Mzungu. Waliojua kwamba wavu unazuia malaria walichagua kuwaweka mbali watoto wenye malaria badala ya kuwapa wavu. Nalisema kosa hilo waziwazi, maana athari yake bado ipo: hadi leo watu wengi mjini huuona wavu wa dirisha kama pambo la nyumba za wakubwa wa kampuni, wakati anayeuhitaji kuliko wote ni mtoto wa chini ya miaka 5 aliyelala katika mitaa ya Kikula au Panda.

Mji uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huwadanganya wageni. Malaria ipo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria, ikiwa na takriban asilimia 12 ya wagonjwa wote wa dunia. Anopheles gambiae na Anopheles funestus, mbu wanaobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo Afrika, wote wawili huuma usiku na hupenda kumfuata binadamu ndani ya nyumba. Kwa mbu wa namna hiyo, kinachoziba njia ya kuingilia kina thamani kubwa. Jaribio lililofanyika Gambia, na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet, lilionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu milangoni, madirishani na kwenye upenyo kati ya ukuta na paa zilipunguza mbu wanaoingia kwa karibu asilimia 60, na watoto wenye upungufu wa damu wakawa wachache kuliko katika nyumba zisizo na wavu. Hilo halikifuti chandarua chenye dawa. Wavu wa nyumba unakulinda saa ya kula na saa ya maongezi, kabla hujafika kitandani, na saa hizo chandarua hakiwezi kukufuata.

Sasa bwawa la kuogelea. Chumba cha wavu kinachofunika bwawa zima kimeenea hasa Florida, Marekani, ambako fundi husimamisha kiunzi cha alumini kilichopakwa rangi, akakigawa kwa mihimili, na kila nafasi akaijaza kwa paneli ya wavu wa fiberglasi. Huko kimejengwa dhidi ya mbu, majani na wadudu, na tangu sheria ya usalama wa mabwawa ya nyumbani ya mwaka 2000 kinahesabiwa pia kuwa kizuizi cha kumlinda mtoto asizame. Mjini Likasi mwenye bwawa, awe na nyumba ya kulala wageni au bwawa la uani tu, ana sababu nyingine nzito. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, pampu husimama. Maji yasiyozunguka, yanayopigwa na jua, ambayo dawa yake ya klorini imekwisha, ni mazalio mazuri kwa Anopheles gambiae. Katika joto la msimu wa mvua yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja na nusu hadi mbili. Bwawa lililotelekezwa nyuma ya nyumba huweza kulisha mbu mtaa mzima.

Na hapa kuna jambo ambalo wajenzi wengi hawalifikirii. Wavu wenye tundu juu ya bwawa lililolala ni hatari kuliko kutokuwa na wavu. Mbu jike akiingia, akataga, wanaozaliwa hubaki ndani pamoja nawe, kwenye kiti chako, kwa sababu wavu uleule uliowekwa kuwazuia nje sasa unawazuia ndani. Pampu ikisimama zaidi ya siku chache, ama maji yapigwe dawa kwa mkono na kukorogwa, ama yatolewe. Ukarabati wa wavu haulipi deni la maji machafu.

Nirudi kwa adui wetu. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitengeneza shaba kwa njia ya umeme tangu 1929. Madini huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha mkondo wa umeme huivuta shaba safi kutoka kwenye maji hayo. Kazi hiyo hutoa ukungu wa asidi, na migodi na barabara za malori huongeza vumbi lenye shaba. Kila mkazi wa mji huu anajua mabati huchakaa haraka upande gani wa mtaa. Upepo wa kiangazi hapa hutoka hasa kusini-mashariki, kwa hiyo nyumba iliyo kaskazini-magharibi mwa kiwanda au mwa lundo la mabaki ya mgodi hupokea zaidi.

Kila aina ya wavu hufa kwa namna yake hapo. Wavu wa chuma uliopakwa zinki, ule wa rangi ya fedha unaouzwa kwa mita na ambao ndio wa bei nafuu, hupoteza zinki yake kwanza kwenye ukingo wa chini, ambako umande wenye asidi hujikusanya usiku. Utaona unga mweupe, halafu kutu, halafu nyuzi zinakatika moja moja kando ya fremu huku katikati kukiwa kama kupya. Wavu wa alumini hustahimili zaidi, maana alumini hujivika ngozi ngumu ya oksidi, lakini ngozi hiyo hukaa salama pale tu maji yanapokuwa si makali kwa asidi wala kwa chokaa. Vumbi la shaba ndilo baya zaidi kwake. Likilowa, chembe za shaba hujibandika juu ya alumini na kuanzisha mkondo mdogo wa umeme, na chini ya kila chembe shimo dogo linachimbika. Kwa hiyo wavu wa shaba uliowafaa wale wa Panama usiufunge kamwe kwenye kiunzi cha alumini: mvua itaosha shaba kidogo kidogo na kuishusha juu ya fremu hadi itoboke. Wavu wa fiberglasi uliovishwa plastiki haujali asidi wala shaba. Adui wake ni jua letu la nyanda za juu, ambalo huikausha plastiki hadi ivunjike ukiikunja, na paka anayeupanda. Kwa Likasi, nikiambiwa nichague aina moja, ninachagua huo, ndani ya kiunzi cha alumini nene iliyopakwa rangi ya kuokwa kiwandani. Wavu unabadilishwa kwa bei ndogo. Kiunzi ndicho mali.

Matundu nayo yana kipimo. Wavu wenye nyuzi 16 hadi 18 katika kila inchi humzuia mbu na bado unapitisha upepo. Tundu lisizidi milimita 1.5. Wauzaji wengine huleta wavu wa kuku uliosokotwa vizuri wakauita wa mbu. Chukua rula uende nayo dukani. Wavu mwembamba kupita kiasi nao una hasara yake: vumbi la Agosti huuziba, baraza likawa na joto, na watu wakaanza kuuacha mlango wazi.

Tiba ya kwanza ya asidi na vumbi la shaba ni maji. Osha wavu na fremu mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijaligeuza vumbi kuwa tope lenye asidi, kisha osha tena katikati ya masika. Maji ya kawaida, sabuni laini ya kuoshea vyombo, brashi ya nywele laini. Anza juu ushuke chini, suuza kwa maji mengi, hasa ndani ya mfereji wa fremu ambamo uchafu hujificha. Usitumie javeli. Najua kila nyumba inayo na inaondoa ukungu mweusi vizuri sana, lakini klorini yake huichimba alumini kama vumbi la shaba linavyofanya. Kwa sababu hiyohiyo, dawa ya bwawa isihifadhiwe ndani ya chumba cha wavu. Mvuke wa ndoo moja iliyofunikwa vibaya unatosha kuzila bawaba zote za upande huo. Vivyo hivyo usioshe kwa maji ya majivu wala magadi.

Chokaa inastahili neno lake, kwa kuwa Likasi ni mji wa chokaa. Mawe ya Kakontwe yamekuwa yakichomwa hapa kwa vizazi, na kila mwisho wa mwaka kuta hupakwa upya. Chokaa na saruji mbichi huila alumini. Fundi rangi akianza kazi, funika fremu kwa nailoni au magazeti, na tone likianguka lifutwe hapohapo kwa kitambaa chenye maji. Nguzo za kiunzi zisimikwe juu ya kibao cha chuma kisichoshika kutu, au sehemu inayoingia kwenye zege ipakwe lami kwanza. Nguzo ya alumini iliyozikwa moja kwa moja kwenye saruji huonekana nzima kwa miaka, ilhali chini ya usawa wa sakafu imekwisha.

Skrubu ndizo zinazoangusha viunzi vingi. Fundi akiishiwa skrubu za chuma kisichoshika kutu huchukua zozote zilizo mfukoni, za mbao, za mabati, za gari. Chuma cha kawaida na alumini vikikutana mahali penye maji, kimojawapo huliwa, na mashimo hupanuka hadi skrubu inacheza. Zikague zote kwa mkono kila Septemba. Inayotoa machozi ya kutu itolewe, shimo lisafishwe, na mahali pake iwekwe ya chuma kisichoshika kutu yenye wasa wa plastiki chini ya kichwa. Ni kazi ya siku moja kwa bwawa la kawaida, na hakuna kazi nyingine kwenye orodha hii inayorefusha maisha ya kiunzi kuliko hiyo.

Kuhusu kuziba matundu, nina msimamo mkali. Tundu dogo lililo katikati ya paneli lizibwe. Katika wavu wa waya, rudisha nyuzi zilizosukumwa kwa ncha ya sindano. Kama zimekatika, kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, ng'oa nyuzi mbili tatu za pembeni ili ncha zibaki ndefu, zipitishe kwenye wavu mzima na uzikunje kwa nyuma. Katika wavu wa fiberglasi, shona kiraka kwa uzi wa kuvulia samaki. Gundi huachia ikikaa juani. Lakini tundu likiwa kwenye ukingo, ndani ya upana wa vidole viwili kutoka kwenye fremu, usizibe. Tundu la ukingoni linakuambia kwamba nyuzi zote za upande huo zimechoka, na kiraka kitashika wiki chache kisha ufa utembee. Badilisha paneli nzima.

Kubadilisha si kazi ngumu, ila ina utaratibu wake. Paneli hushikwa na kamba ya mpira iliyosukumizwa ndani ya mfereji wa fremu. Ivute kuanzia kona, toa wavu wa zamani, na itupe kamba pamoja nao. Mafundi wengi huirudisha ili kumpunguzia mteja gharama, nao kwa hilo wanamwibia bila kukusudia, maana mpira uliokaa juani umesinyaa na kuwa mgumu, hauwezi tena kujaza mfereji, na wavu mpya utachomoka kwenye dhoruba ya kwanza. Nunua kamba mpya yenye unene unaolingana na mfereji. Kabla ya kuitupa ile ya zamani, peleka kipande chake dukani ukapime kwa sehemu iliyokuwa kwenye kivuli. Safisha mfereji kwa mswaki. Tandaza wavu mpya uzidi fremu kwa sentimita 5 kila upande, nyuzi zikiwa sambamba na mhimili. Bana upande mrefu wa kwanza kwa kigurudumu cha kusukumia, halafu upande wa pili unaoukabili, kisha juu na chini. Usiuvute hadi ulie. Paneli ndefu ikivutwa sana, mihimili hupinda kuelekea ndani, mlango ulio kando yake unagoma kufunga, na hutajua chanzo ni nini. Uwe umenyooka bila mikunjo, inatosha. Kamba ikishaingia yote, kata ziada kwa wembe upande wa nje wa kamba, makali yakielekea fremu.

Paneli za juu ya bwawa zina hatari yake. Hakuna mhimili wa alumini uliotengenezwa kubeba mtu. Tumia ngazi na ubao uliolazwa juu ya jukwaa la mabomba, na maji ya bwawa yasikudanganye kwamba ukianguka utaangukia pazuri.

Kwa wasio na alumini, na ndio wengi, fremu ni ya mbao. Mchwa wa Katanga wanajulikana, vichuguu vyao vinaonekana hata ukiwa ndani ya gari. Mbao laini hazidumu chini ya baraza. Mti wa mulombwa hustahimili mchwa vizuri, na fundi seremala yeyote mjini anaujua. Fremu ya mbao isiguse udongo wala saruji moja kwa moja. Iinue juu ya tofali au kibao cha chuma, na uache upenyo unaofungwa kwa ukanda wa mpira ili uweze kuona kama mchwa wamejenga njia yao ya udongo. Wavu upigwe misumari chini ya ubao mwembamba wa kufunikia, sio misumari mitupu juu ya nyuzi, kwa maana kila msumari mtupu ni mwanzo wa tundu.

Mvua za kwanza huja na mambo mawili. Jioni ile ardhi inapolowa, kumbikumbi huruka kwa maelfu kufuata taa, wakajazana kwenye wavu wa baraza, na mijusi, paka na watoto wenye ndoo huwafuata. Wavu mwingi hupasuka usiku huo mmoja. Zima taa ya baraza, washa ya uani mbali na wavu, waache watoto wakusanye huko. Jambo la pili ni upepo. Dhoruba ya Oktoba hutangulia mvua kwa dakika chache na huja na nguvu, na wavu uliozibwa na vumbi huupokea upepo kama shuka lililoanikwa. Florida walijifunza hilo kwa gharama kubwa: kimbunga Charley kilipopiga pwani ya kusini-magharibi Agosti 2004, viunzi vingi vya mabwawa vilianguka. Wenye nyumba huko, kimbunga kikitangazwa, hukata baadhi ya paneli kwa kisu ili upepo upite na kiunzi kibaki. Sisi hatuna vimbunga, lakini kanuni inatufaa. Kiunzi kiwe na mihimili ya mshazari kwenye kona, nguzo zishikwe na boliti za kupanuka ndani ya zege, na wavu uwe safi kabla ya Oktoba. Wavu wa bei nafuu unaopasuka kwenye upepo ni mlinzi wa kiunzi cha bei ghali. Usiushone kwa nyuzi nene kupita kiasi.

Nimeuacha mlango mwisho kwa sababu ndio unaofanya mengine yote yawe na maana. Mlango wa wavu hufunguliwa mara nyingi kwa siku, mara nyingi kwa mguu na mtu mwenye sahani mikononi. Bawaba hulegea, mlango unashuka, unakwaruza sakafu, na siku moja mtu anauegemeza tofali ubaki wazi. Kuanzia hapo hakuna wavu tena. Weka bawaba tatu badala ya mbili, na springi au bawaba inayofunga yenyewe. Chini ya mlango weka ukanda wa mpira unaogusa sakafu, kwa kuwa mbu hahitaji upenyo mkubwa. Bati au ubao uwe kwenye theluthi ya chini, mahali magoti, mbuzi na mipira hugonga. Kwenye bwawa, mlango ufunguke kwa nje na kitasa kiwe juu, si chini ya mita 1.4, mahali mkono wa mtoto mdogo haufiki. Na usidhani wavu utamshika mtoto asianguke majini. Anayemtazama mtoto ni mtu mzima aliye karibu.

Jioni jua linapozama, simama ndani ya baraza uzime taa, na mwenzako apite nje na tochi akiimulika mihimili na ukingo wa chini. Kila mahali mwanga unapoingia bila kupita kwenye nyuzi, weka alama ya chaki. Fundi akija kesho yake hahitaji maelezo, afuate chaki. Kubaliana naye bei kwa paneli, sio kwa siku, na vifaa ununue wewe mwenyewe ukiwa na rula na kipande cha kamba. Kama fedha za mwaka huu zinatosha kazi moja tu, tengeneza mlango, na uwe umekwisha kabla ya mvua ya kwanza. Mwakani fuata ukingo wa chini. Paneli za juu zinaweza kungoja.